Watoto Dazani Moja: Ugomvi wa Maumbile na Malezi, Kutoka kwa Galton hadi Embu

Majaji na wana wao, 1869–1883

Mwaka 1869 bwana mmoja wa Kiingereza, Francis Galton, alitoa kitabu cha kuthibitisha kwamba kipaji hurithiwa kama urefu unavyorithiwa. Njia yake ilikuwa kuhesabu. Aliwaorodhesha majaji wa Uingereza tangu mwaka 1660 hadi 1865, akatafuta baba zao, wana wao, ndugu zao na wajomba zao, akaona kwamba watu mashuhuri wamejazana katika koo hizo kupita kawaida. Akafanya vivyo hivyo kwa mawaziri, majemadari na washairi, hata kwa wapiga makasia na wacheza mieleka. Kote alipata jibu lilelile: ukubwa umo damuni.

Kwamba mwana wa jaji hulelewa katika nyumba yenye vitabu, husomeshwa shule za wakubwa na kufunguliwa milango na marafiki wa babake, Galton aliliona hilo ila hakulipa uzito. Yeye mwenyewe alikuwa ushahidi ambao hakuuingiza kwenye hesabu. Babake alikuwa mwenye benki. Babu yake alikuwa mtengenezaji wa bunduki mjini Birmingham, na bunduki za mji ule ziliuzwa kwa wingi Afrika Magharibi enzi za biashara ya watumwa. Babake alipofariki mwaka 1844, kijana alirithi mali ya kumwezesha kuishi bila kuajiriwa na mtu hadi kufa. Kama kuna kitu kilichorithiwa katika ukoo wa Galton bila ubishi wowote, kilikuwa kwenye daftari la benki.

Hata hivyo ni yeye aliyeupa ugomvi huu sura yake ya kisasa. Mwaka 1874 alichapisha kitabu juu ya wanasayansi wa Kiingereza, na kwenye anwani yake akayasimamisha maumbile na malezi bega kwa bega, kana kwamba ni wapinzani wawili ulingoni. Mwaka uliofuata alipendekeza mapacha watumike kama mizani ya kupima nani mzito, na kwa maoni yake maumbile yalishinda kwa mbali. Mwaka 1883 akabuni jina la elimu mpya, yujenikisi, yaani kuboresha uzao wa binadamu kama wafugaji wanavyoboresha mifugo: bora wazae zaidi, dhaifu wazae kidogo. Nani bora, nani dhaifu, lilikuwa swali ambalo watu wa tabaka la Galton hawakuona ugumu kulijibu.

Paka wa New York, mbwa wa Petersburg

Wakati huo wengine walikuwa wanahesabu vitu vidogo zaidi. Mwaka 1898 Edward Thorndike, kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia, alikuwa anawafungia paka wenye njaa ndani ya matundu ya mbao, chakula kikiwa nje. Paka alikwaruza, akang'ata, akajipenyeza, mpaka kwa bahati akavuta kamba au akakanyaga kibao, mlango ukafunguka. Akirudishwa alitoka upesi zaidi. Baada ya mara nyingi hakuhangaika tena: aliingia, akavuta kamba, akatoka. Thorndike hakuona dalili kwamba paka alikaa chini akatafakari. Tendo lililoleta shibe lilirudiwa, lisiloleta kitu likafifia lenyewe.

Nchini Urusi, Ivan Pavlov, mtoto wa kasisi kutoka Ryazan, alikuwa anachunguza usagaji wa chakula tumboni, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Mbwa wake walikuwa wamepasuliwa kitundu shavuni ili mate yachuruzike nje yapimwe. Tatizo ni kwamba mbwa walianza kutoa mate kabla hata chakula hakijafika, pindi tu walipomsikia mhudumu anakuja. Vipimo vikaharibika. Pavlov aliacha mambo ya tumbo akalifuata hilo lililokuwa linamharibia kazi, akalifanyia utafiti kwa miongo mitatu, na akaonyesha kwamba sauti yoyote au mwanga wowote ukitangulia chakula mara za kutosha, mwili utauitikia kana kwamba ndio chakula chenyewe.

Wawili hawa hawakuichukulia kazi yao kama hoja dhidi ya urithi. Thorndike aliishi hadi mwisho akiamini kwamba akili ni ya kuzaliwa nayo. Aliyeigeuza kazi hiyo kuwa rungu alitoka kwingine kabisa.

Baltimore, 1908–1920

John Broadus Watson alizaliwa mwaka 1878 mashambani South Carolina, kusini mwa Marekani. Mamake, Mbaptisti mcha Mungu, alimpa jina la mhubiri mashuhuri wa enzi hizo akiomba mwanawe afuate nyayo. Babake alipenda chupa, akaikimbia familia Watson akiwa na miaka 13. Mtoto akawa wa ngumi na ukaidi, na kwa maelezo yake mwenyewe aliwahi kukamatwa na polisi. Kwa hesabu za Galton, ukoo kama ule haukuwa na cha kutarajiwa. Mwaka 1903 kijana huyo alikuwa na shahada ya uzamivu kutoka Chicago, na mwaka 1908, akiwa na miaka 30, alikuwa profesa wa Johns Hopkins mjini Baltimore. Sidhani ni bahati mbaya kwamba mtu wa historia hiyo ndiye aliyekuja kuikana nguvu ya ukoo.

Lakini hakuanza kwa kuikana. Katika miaka hiyohiyo alikwenda kisiwa kidogo karibu na Florida kuchunguza ndege wa baharini, akawasafirisha mbali zaidi ya kilomita 1,000 na kuwaachia, na baadhi wakarudi kwenye viota vyao. Watson aliijua silika kwa macho yake. Hata hotuba yake maarufu ya mwaka 1913 pale Columbia, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo kuzaliwa kwa utabia, haikuwa vita dhidi ya urithi. Ilikuwa vita dhidi ya wanasaikolojia wenzake.

Saikolojia ya wakati huo ilitegemea watu waliofunzwa kujichungulia nafsini na kusimulia wanachokihisi wakionyeshwa rangi fulani au kusikia sauti fulani. Maabara moja ikisema hivi na nyingine ikisema vile, hakukuwa na hakimu, maana hakuna awezaye kuingia kichwani mwa mwenzake akatazama. Watson alisema yote hayo yatupwe. Saikolojia iwe sayansi ya tabia inayoonekana: kichocheo gani kimeingia, mwitikio gani umetoka. Lengo lake liwe kutabiri tabia na kuitawala. Neno hilo la mwisho, kutawala, ndilo lililobeba uzito wote wa yaliyofuata. Miaka miwili baadaye wanasaikolojia wa Marekani walimchagua kuwa rais wa chama chao.

Alipoanza kufanya kazi na watoto wachanga ndipo alipogeuka. Aliwaangusha kidogo na kuwadaka, akawagongea vitu, akawashika mikono wasijongee, akawapapasa. Alichokiona kwao ni vitu vitatu tu vya kuzaliwa: hofu wakisikia kishindo au wakipoteza egemeo, hasira wakibanwa, na mapenzi wakipapaswa. Kama hayo ndiyo yote, basi hofu ya giza, chuki, woga wa nyoka na kila kitu kingine ni cha kufunzwa.

Kuthibitisha hilo, yeye na msaidizi wake Rosalie Rayner walimchukua mtoto wa kiume ambaye katika ripoti walimwita Albert. Mamake alikuwa ameajiriwa hospitalini kunyonyesha watoto wa wengine. Mtoto alikuwa mtulivu, si mlizi. Alionyeshwa panya mweupe, akanyoosha mkono kumshika. Alipokuwa na miezi 11 jaribio lilianza: kila alipomgusa panya, mtu aliyesimama nyuma yake alipiga nondo kwa nyundo. Mara mbili siku ya kwanza, mara tano wiki iliyofuata. Baada ya mara saba panya alipoonekana peke yake, bila kelele, mtoto alilia, akageuka, akatambaa kukimbia mpaka ikabidi adakwe asianguke mezani. Siku zilizofuata alimwogopa sungura, akaogopa koti la manyoya, akaogopa kinyago chenye ndevu nyeupe.

Kuna kitu katika ripoti ile ambacho vitabu vya kiada hukiruka. Mtoto aligundua dawa yake mwenyewe: alitia kidole gumba mdomoni akanyonya, na hofu ikatulia. Watafiti walipokuwa wanapiga picha za sinema ilibidi mara kwa mara wamtoe kidole mdomoni ili apate kuogopa. Waliandika hayo bila aibu. Walijua pia mwezi mzima kabla kwamba mtoto angeondoka hospitalini, na hawakufanya lolote kumwondolea hofu waliyompandikiza.

Kuuza tabia, 1920–1930

Mwaka 1920 mapenzi ya siri ya Watson na Rayner yalifichuka, chuo kikamtimua profesa wake maarufu, kesi ikafika mahakamani, mke akapewa talaka, na magazeti yakashangilia. Alimwoa Rayner, akahamia New York, akaajiriwa na wakala wa matangazo ya biashara J. Walter Thompson. Walimwanzisha chini, ikiwemo kusimama kaunta katika duka la Macy's awaone wanunuzi. Kufikia mwaka 1924 alikuwa makamu wa rais wa kampuni. Mtu aliyesema tabia hutawaliwa kwa vichocheo alikuwa amepata kazi ya kuonyesha hivyo, na mshahara uliozidi mbali ule wa chuo.

Ni akiwa huko, nje ya maabara, ndipo alipotoa dai lake kubwa kuliko yote. Katika kitabu chake cha miaka ya 1920 alidai kwamba akipewa watoto dazani moja wenye afya na uhuru wa kuwalea atakavyo, angemchukua yeyote bila kuchagua akamfanya daktari, mwanasheria, msanii, mfanyabiashara, hata ombaomba au mwizi, haidhuru mababu zake walikuwa nani wala rangi yao ipi. Dai hilo limenukuliwa mara nyingi mno. Kinachoachwa ni maneno yanayofuata, ambapo Watson anakiri kwamba amevuka mipaka ya ushahidi wake, na kuongeza kwamba wapinzani wake nao wamekuwa wakiivuka kwa maelfu ya miaka.

Ili tuelewe kwa nini dai hilo lilipokewa kwa hamu, tutazame yaliyokuwa yanatendeka Marekani. Jimbo la Indiana lilikuwa limepitisha tangu mwaka 1907 sheria ya kuwafunga kizazi kwa nguvu watu waliohesabiwa kuwa na kasoro za kurithi, na majimbo mengine yakafuata. Mwanasaikolojia Henry Goddard alichapisha mwaka 1912 kisa cha ukoo aliodai umejaa upungufu wa akili, na wasaidizi wake walikuwa wakiwapima akili wahamiaji waliotoka tu melini. Mwaka 1924 sheria ya uhamiaji ikawabana watu wa Ulaya ya kusini na mashariki na kuwafungia nje wengi wa Asia. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya nchi iliruhusu binti mmoja wa Virginia afungwe kizazi kwa hoja kwamba mamake, yeye, na mtoto wake mchanga wote wamepungukiwa akili. Mtoto huyo aliyehukumiwa akiwa mchanga alikuja kuwa miongoni mwa wanafunzi bora wa darasa lake kabla ya kufariki akiwa na miaka 8. Kwa jumla, zaidi ya Wamarekani 60,000 walifungwa kizazi chini ya sheria hizo, na Wanazi walipotunga yao mwaka 1933 walikuwa na mfano wa kuutazama.

Mbele ya hayo, sauti ya Watson ilisikika kama ukombozi. Kwa sehemu ilikuwa hivyo. Lakini mwaka 1928 alitoa kitabu cha malezi, na hapo upande wa pili wa shilingi ukaonekana. Wazazi waliambiwa wasiwabusu watoto wala kuwapakata. Asubuhi wawape mkono kama watu wazima. Kilisomwa sana. Rayner mwenyewe, mama wa wavulana wawili waliolelewa kwa kanuni hizo, aliandika mwaka 1930 katika gazeti la wazazi kwamba mambo mengine aliyainamia na mengine aliyaasi. Alifariki mwaka 1935. Mumewe alikuja kukiri kwamba alipoandika kile kitabu hakuwa anajua ya kutosha.

Nairobi, miaka ya 1930 hadi 1954

Ugomvi huu ulifika Afrika Mashariki upande mmoja ukiwa umeachwa nyumbani. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wa Kenya waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Kinara wao alikuwa H. L. Gordon, daktari aliyehudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwenzake F. W. Vint, mtaalamu wa maabara wa serikali, alipima bongo za Waafrika 100 waliofariki, na mwaka 1934 akachapisha kwamba tabaka la juu la ubongo wao lilikuwa jembamba kwa karibu asilimia 15 kuliko la Wazungu. Hakupima Wazungu wa Nairobi kwa mikono yake ili kulinganisha. Alichukua vipimo vya wengine vya Ulaya. Wala hakuuliza sana wale marehemu walikula nini utotoni au waliugua nini.

Gordon alikwenda London kutafuta fedha za uchunguzi mkubwa zaidi. Alionya kwamba elimu ya Kizungu huenda ikavunja akili isiyoumbwa kuibeba. Serikali ya Uingereza ilikataa kulipia, na chama kikafifia. Wakati huo wanasayansi wa Ulaya walikuwa wameanza kuona yujenikisi inakoelekea Ujerumani.

Aliyefuata Mathari, J. C. Carothers, anatufaa zaidi kwa sababu hakusimama wazi upande wa damu. Katika ripoti aliyoandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo, ila sababu kubwa aliitafuta katika malezi na utamaduni. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimtaka aeleze uasi wa Mau Mau kisaikolojia, naye akaieleza kama dhiki ya watu walioachana na mila zao kabla ya kushika nyingine. Ardhi haikuwa mzizi wa maelezo yake. Kwa hiyo aliyetumia maumbile na aliyetumia malezi, wote wawili kutoka hospitali moja, walifika palepale kuhusu nani mwenye haki ya kutawala.

Njiwa wa Skinner

Marekani, utabia ulikuwa umepata mrithi makini kuliko mwanzilishi wake. B. F. Skinner, mzaliwa wa Pennsylvania mwaka 1904, alitaka kuwa mwandishi wa hadithi, akajifungia nyumbani mwaka mzima, akaona hana la kuandika. Alisoma Watson na Pavlov, akaingia Harvard mwaka 1928. Alitengeneza kisanduku ambamo panya hubonyeza kishikizo apate punje ya chakula, na mashine ikachora mstari wa kila mbonyezo. Aligundua kwamba ratiba ya tuzo ina nguvu kuliko tuzo yenyewe: anayelipwa mara mojamoja bila kutabirika hubonyeza kwa bidii kuliko anayelipwa kila mara. Watengenezaji wa mashine za kamari walikuwa wanalijua hilo bila maabara.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwafunza njiwa kudonoa picha ya shabaha ili waongoze kombora, lakini jeshi halikuwatumia. Mwaka 1945 gazeti la akina mama lilichapisha habari za kisanduku cha kioo chenye joto la wastani alichomtengenezea bintiye wa pili alale bila nguo nyingi. Uvumi ukaenea kwamba mtoto alifanyiwa majaribio akarukwa na akili. Si kweli. Binti alikua salama, akawa msanii, na mwaka 2004 akajibu uvumi huo mwenyewe gazetini.

Skinner hakukana urithi. Alisema tu hauna kazi katika hesabu yake. Mtafiti hawezi kubadili mababu wa njiwa, anaweza kubadili ratiba ya punje. Kwa miaka 20 hivi, vyuo vingi vya Marekani vilifundisha saikolojia kwa lugha hiyo.

Nyufa, 1954–1972

Ufa mmoja ulitoka ndani ya nyumba. Keller na Marian Breland, wanafunzi wa Skinner, walikuwa wameacha chuo wakafungua biashara ya kufunza wanyama wa maonyesho na matangazo. Walifunza maelfu, na mbinu za mwalimu wao zilikuwa zinawalisha. Kisha wakampata rakuni, mnyama mdogo wa Marekani mwenye mikono myepesi, wakamfunza kuokota sarafu na kuitumbukiza koponi. Sarafu moja aliiachia kwa taabu, lakini mwishowe aliiachia. Alipopewa mbili, hakuziachia. Alizisugua pamoja, akazichovya koponi, akazitoa, akazisugua tena, kama aina yake inavyofanya na kaa anapomchambua mtoni. Kadiri muda ulivyokwenda ndivyo alivyozidi kusugua, ingawa hakutuzwa kwa hilo. Nguruwe naye, aliyefunzwa kubeba sarafu za mbao hadi kwenye kibubu, alianza kuziangusha njiani na kuzifukua kwa pua. Kwa sheria za Skinner, tendo lisilolipwa lingepaswa kufa. Hapa lilikuwa linamzuia mnyama mwenye njaa kupata chakula chake. Akina Breland waliandika hayo mwaka 1961, kwa masikitiko ya watu waliokuwa wanaipenda nadharia yao. Miaka miwili kabla, mwanaisimu Noam Chomsky alikuwa amekishambulia kitabu cha Skinner kuhusu lugha, kwa hoja kwamba mtoto husema sentensi ambazo hajawahi kuzisikia wala kutuzwa kwazo.

Ufa mwingine uliguswa kwanza Wisconsin, ambako Harry Harlow alionyesha mwaka 1958 kwamba kitoto cha nyani huganda kwa mama bandia wa kitambaa laini, na kumwendea yule wa waya kunyonya tu. Lakini kwangu ulioingia ndani zaidi ulianzia Uganda.

Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 akiwa amemfuata mumewe aliyepata kazi pale Makerere. Alitoka London, ambako alifanya kazi na John Bowlby, na alikuwa bado ameshika imani ya kawaida kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye chakula. Alipata familia 26 za Kiganda katika vijiji vya jirani, akawa anazitembelea kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila mara, kwa miezi kadhaa. Alikaa sebuleni pamoja na mkalimani, mtoto akipita mkono hadi mkono, akatazama. Mtoto wa miezi minane hutambaa hadi mlangoni kumwona mgeni, hugeuka kumtazama mama, huendelea mbele. Mama akitoka chumbani, uchunguzi wote hukoma. Ainsworth aliona kwamba mama ni ngome ambayo mtoto hutokea na kurudi, na kwamba watoto wa mama walio wepesi kusoma dalili zao walilia kidogo kuliko wengine. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967.

Alirudia kazi hiyo mjini Baltimore, katika chuo kilekile kilichokuwa kimemtimua Watson. Mwaka 1972 yeye na Silvia Bell walichapisha matokeo yaliyogusa moyo wa kitabu cha mwaka 1928. Kwa mantiki ya utabia, anayemwinua mtoto anayelia anakituza kilio, na mtoto atalia zaidi. Waliona kinyume: waliochukuliwa upesi miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi ilipokaribia mwaka wao wa kwanza. Wanautabia walibisha kwa takwimu, na baadhi ya ubishi wao ulikuwa na maana, lakini madaktari wa watoto walikuwa wameshabadili ushauri. Bibi yeyote wa Mukono au Machame angeweza kuwaambia hivyo bure.

Pacha, mahindi na Embu, tangu 1969

Utabia ulipolegea, damu ilirudi. Mwaka 1969 Arthur Jensen wa California aliandika kwamba programu za kuwasaidia watoto maskini shuleni zimeshindwa, na kwamba asilimia 80 hivi ya tofauti za akili hutokana na urithi. Sehemu ya nguzo zake ilikuwa takwimu za Cyril Burt, Mwingereza aliyedai kukusanya jozi nyingi za mapacha wa yai moja waliolelewa mbalimbali. Burt alifariki mwaka 1971. Mwaka 1974 Leon Kamin alionyesha kwamba idadi ya jozi ilipanda kutoka 21 hadi 53 bila kipimo cha uhusiano, 0.771, kubadilika hata tarakimu ya tatu. Namba za kweli haziwi tiifu hivyo.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, lakini haingekuwa haki. Utafiti wa mapacha ulioanza Minnesota mwaka 1979 chini ya Thomas Bouchard ulikuwa wa kweli, nao ukakuta mfanano mkubwa: mwaka 1990 walikadiria urithi wa akili kuwa asilimia 70 hivi. Waandishi wenyewe walitahadharisha kwamba pacha wao wachache sana walilelewa katika ufukara. Tahadhari hiyo ndiyo kiini. Richard Lewontin alikuwa amekwisha kueleza kwa nini, kwa mfano wa mahindi: gawa gunia moja la mbegu, panda nusu penye rutuba na nusu penye udongo uliochoka. Ndani ya kila shamba, tofauti ya kimo kati ya mche na mche ni ya mbegu. Kati ya shamba na shamba, tofauti yote ni ya udongo. Urithi mkubwa ndani ya kundi haukwambii lolote kuhusu pengo kati ya makundi. Mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake walilikuta hilo katika familia za Marekani: kwa watoto wa wenye nacho, jeni zilieleza sehemu kubwa ya tofauti za akili, na kwa watoto maskini karibu na sifuri.

Mwaka huohuo ilichapishwa ripoti kutoka Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Watoto wa vijijini wa takriban miaka 7 walikuwa wamepimwa mwaka 1984 kwa mtihani wa kukamilisha michoro, ambao hauhitaji kusoma. Mwaka 1998 wenzao wa umri uleule, wa eneo lilelile, walipewa mtihani uleule. Alama zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya pointi 20 katika miaka 14, muda ambao jeni za watu hazipati nafasi ya kubadilika. Watafiti walitazama kilichobadilika majumbani: wazazi wengi zaidi walijua kusoma, familia zilikuwa ndogo, watoto walikula vizuri zaidi na afya yao ilikuwa bora. Kipi kati ya hivyo kilifanya kazi kubwa, hesabu zao hazikutenganisha. Kutoka Embu hadi Nairobi, ambako Vint alikuwa amepima unene wa bongo, ni mwendo wa kilomita 130 hivi kwa matatu.